Dada Mkubwa na Mlango Usio na Nyumba

Hadi leo wapo watu hapa Mbinga mjini ambao wakinikuta sokoni hawaulizi habari zangu. "Shikamoo, fundi," wanasema, na kabla sijamaliza marahaba wanaendelea: "Dada Mkubwa hajambo? Bado yuko Lituhi?" Ni watu niliowashonea sare za watoto wao na magauni ya kipaimara ya binti zao. Nilisimama jukwaani bega kwa bega na huyo wanayemuulizia, nikaanguka alipoanguka, nikalowa maji yaliyomlowesha. Lakini wakiniona mimi, anayewajia akilini ni yeye. Nawajibu kwamba hajambo, anawasalimu. Mara nyingi huwa sina habari zake hata kidogo, ila naona vibaya kuwaacha waende mikono mitupu.

Dada Mkubwa si jina alilopewa na wazazi. Ni nafasi aliyoshika katika mchezo wetu, ikamganda kama rangi ya khanga mpya inavyoganda kwenye shuka jeupe. Mchungaji alimwita hivyo kanisani wakati wa matangazo. Wazee waliomzidi umri walimwita hivyo bila kuona haya. Mimi kwanza nilikuwa Dada Mdogo, baadaye nikawa Dada wa Kati, na mtaani sikuwa yeyote kati ya hao. Mtaani nilikuwa fundi.

Mchezo wenyewe ukiusimulia unaonekana wa kijinga, na yeye alipenda uonekane hivyo. Katikati ya uwanja au ukumbi tulisimamisha mlango. Mlango wa kweli, wa mninga, wenye fremu, bawaba na kitasa, uliopigiliwa miguu ya mbao ili usianguke. Hakukuwa na ukuta wala paa. Nyuma ya mlango huo waliishi dada wawili ambao hawakuolewa, wenye kofia za kwenda kanisani, wanaomngoja mgeni. Kila walichotaka kuingiza au kutoa, kiwe kitanda, mbuzi au beseni la maji, lazima kipite mlangoni. Na mlango haukubali. Mara ni mwembamba kuliko kitanda, mara umefungwa na ufunguo uko ndani, mara kila dada anamwambia mwenzake atangulie kwa heshima mpaka wote wawili wanakwama. Watu wanapiga kelele, "Piteni pembeni! Pembeni hapo!" Dada hawasikii. Wanaona ukuta. Mchezo mzima ni huo, na watu walilia kwa kicheko kutoka kijiji cha Ruanda huku milimani hadi ziwani.

Mlango ulimkwamisha kwa namna ambayo mimi sikuwahi kuiweza. Alikuwa mwanamke mrefu, mzito, mwenye shingo ya kujivuna, na alikuwa akiingia pale kana kwamba anaingia kwa Askofu. Kofia inagonga fremu. Anarudi nyuma, anaitazama fremu, anaisamehe. Anaingia tena. Alipoanguka, mwili ulikwenda chini vipande vipande, magoti kwanza, kisha kiuno, kisha mabega, na uso ukabaki vilevile, uso wa mtu aliyeamua mwenyewe kulala sakafuni kwa sababu zake binafsi.

"Watu hawamcheki anayeanguka," alikuwa akisema. "Wanaicheka heshima yake inayobaki juu wakati yeye ameshafika chini."

Nilijua maneno hayo kwa moyo. Nilipoanguka mimi, heshima yangu ilikuwa inafika chini kabla yangu.

Siku za kazi alikuwa matroni wa bweni la wasichana. Na alikuwa mkali. Akitembea koridoni, wasichana wanajua kwa mlio wa viatu vyake ni nani hajatandika kitanda. Alikagua kucha, alikagua masikio, alinusa masanduku kutafuta samaki waliofichwa. Wasichana hao hao waliletwa ukumbini Jumamosi moja kumwangalia. Walikaa safu tatu za mbele, mikono mapajani. Dada Mkubwa akakwama kwenye ndoo ya bati. Mguu umeingia, hautoki, na yeye anajaribu kumkaribisha mgeni bila mgeni kuiona ndoo. Ukumbi mzima unavunjika mbavu, wale wasichana kimya, macho yamewatoka, hakuna anayethubutu kuonyesha meno. Akawasogelea, ndoo ikilia kwa kila hatua. Akasimama mbele ya msichana wa kwanza, akamnyooshea kidole cha kumwonya, halafu taratibu akakitazama kidole, akaitazama ndoo, akakishusha. Msichana yule alipasuka kwa kicheko hadi akatoka nje kutapika. Jumatatu asubuhi, niliambiwa, matroni alikagua kucha kama kawaida.

Mimi nilikutana naye kwa sababu ya gauni. Alikuja kwenye chumba changu cha cherehani akiwa na vitambaa viwili vya maua, akaniambia anataka gauni moja la watu wawili: shingo mbili, mikono mitatu.

"Mikono mitatu, Dada? Huo wa tatu wa nani?"

"Wa katikati ni wa wote. Hapo ndipo ugomvi ulipo."

Nilishona. Alipokuja kujaribu alikuja peke yake, akaingia upande wake, akaniangalia. "Ingia huko, mdogo wangu, nione kama linakaa." Nikaingia. Akachukua mkono wa katikati. Nami, bila kufikiri, nikauvuta. Akauvuta. Nikauvuta. Wateja wawili waliokuwa wanangoja nguo zao wakaanza kucheka, na nikasikia kicheko kile kikinipanda mgongoni kama maji ya moto siku ya baridi ya Juni. Jioni hiyo nikawa Dada Mdogo. Ilinichukua muda kutambua kwamba wale wateja walikuwa wanamwangalia yeye.

Hapo mwanzoni mchezo ulikuwa na maneno, na maneno mengi yalikuwa yangu. Nilikuwa na kipaji hicho. Nilikuwa na sentensi moja, "Mgeni asiyefika ndiye mgeni mwema, halalamiki chumvi," ambayo watu walikuwa wakiirudia madukani. Wafanyabiashara wa pale stendi walinitania kwayo nikipita. Ilikuwa sentensi yangu, niliitunga nikipiga pasi.

Siku moja mvua ilitukuta tukicheza kwenye ukumbi wenye bati tupu. Ile mvua ya Umatengo, milima yetu hii, inayoshuka kama imekasirishwa. Hakuna aliyesikia neno. Mimi nikapaza sauti, nikapayuka, mishipa ikanitoka shingoni. Yeye akanyamaza. Alifunga mdomo, akaendelea na mwili tu, na watu wakacheka kuliko siku zote, kicheko kikaishinda mvua. Nikamwona akiwasikiliza wale watu huku amekwama katikati ya fremu, kama mtu anayesikiliza chungu kinavyochemka.

Kesho yake akaniambia, "Maneno tumeyaondoa."

"Yote?"

"Yote. Yalikuwa yanawapumzisha mbavu."

"Na ile ya mgeni na chumvi?"

Akafikiri kwa dhati, nitamshuhudia kwa hilo. "Hiyo ni nzuri sana," akasema. "Iondoe nayo."

Sikulala kwa amani juma zima. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa sahihi. Mchezo ulikuwa bora bila maneno. Kila mtu aliona hivyo, hata mume wangu, ambaye kabla ya hapo alikuwa akinisifia ulimi. "Yule mama," aliniambia tukila, "akianguka, mimi goti langu linauma." Nikamwuliza, na nikianguka mimi? Akatafuna kidogo. "Wewe unaanguka vizuri," akasema.

Kulikuwa na siku ya Mpepai, kijijini kwetu, ambayo ningependa kuisahau lakini naikumbuka kwa kila undani. Tulicheza mchana kwenye uwanja wa shule. Mama yangu alikuja, ameketi chini na wanawake wenzake, miguu imenyooshwa mbele. Mama hakuwa mtu wa kucheka. Tangu utotoni nilimfanyia kila kituko, nikamwigiza katekista, nikamwigiza jogoo, nikamwigiza baba akitafuta viatu, naye alikuwa akisema kwa Kimatengo, "Acha, utakuja kukaa hivyo hivyo," na kuendelea kupepeta maharage.

Katikati ya mchezo mzee mmoja wa pale kijijini alishindwa kuvumilia. Tulikuwa tumekwama na kitanda. Akasimama, fimbo mkononi, hasira ya kweli usoni. "Nyie kina mama, mbona hamna akili? Angalieni!" Akauzunguka mlango, akapita pembeni kabisa, akasimama upande wetu, ndani ya nyumba isiyokuwepo. "Si mnaona? Hakuna kitu hapa!"

Mimi niliganda. Kichwa kilikuwa kitupu kama debe. Dada Mkubwa alimtazama yule mzee kwa mshangao uliopanda polepole kutoka vidole vya miguu hadi kwenye kofia. Akaugusa ukuta ambao haukuwepo, akaupapasa, akatafuta tundu. Halafu, yeye aliyefuta maneno yote, akapiga ukelele mmoja: "Mwizi! Kapita ukutani!" Akajifunika shuka, akaingia chini ya kitanda, kitanda kikaanza kutembea. Mzee akacheka mpaka akakaa chini. Wakacheka wote. Na nikamwona mama yangu amelala ubavu nyasini, kitenge kimefunguka, anampiga kofi la paja jirani yake, machozi yanamtoka.

Nilikuwa mita chache tu kutoka kwake, nimeshika mguu wa kitanda. Hakuniona.

Mama aliishi miaka kadhaa baada ya siku ile. Kila nilipokwenda kumsalimu alikuwa akiniuliza, "Yule mwenzako mrefu utamleta lini?" Alimfungia maharage na kahawa ya shambani ili nimpelekee. Nilimpelekea. Dada Mkubwa alipokea kwa mikono miwili, akasema mama yangu ni mtu mwema, anacheka kwa tumbo. Nikasema ndiyo, ndivyo alivyo.

Usidhani alikuwa mtu mbaya kwangu. Ingekuwa hivyo ningepata nafuu. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili nikaugua, alikuja kila siku baada ya kazi, na vile viatu vyake vya kukagulia bweni, akaingia jikoni bila kuuliza, akapika uji wa ulezi, akafua nepi zote na kuzianika kwa mpangilio wa ukubwa. Mtoto alikuwa analia tangu asubuhi. Alipomchukua yeye, akanyamaza. Majirani walisema, "Ama kweli una dada." Nilikuwa nimelala nimegeukia ukutani, namsikia akimwimbia mwanangu wimbo wa kioda, ngoma ya kina mama wa kwao ziwani, na nilitamani mtoto alie. Walau kidogo. Walau nikimchukua mimi anyamaze.

Alikuwa mkarimu kwa chakula na bahili kwa sifa. Angekukatia kipande kikubwa cha samaki, akubakizie mchuzi, lakini ukimwuliza, "Leo nilikuwaje?" atakujibu, "Uliwahi." Maana yake nilifika mapema. Au, "Kofia yako ilikaa." Aliimba sauti ya pili kwaya ya Anglikana na hakukosa ibada, lakini akihuzunika alikwenda kukaa nyuma ya kanisa la Kikatoliki kwa sababu, alisema, kule hakuna anayemjua wa kuja kumfariji.

Na jambo ambalo wengi hawakulijua: hakuvumilia kuchekwa. Nje ya mchezo, nasema. Siku moja ya masika aliteleza kwenye tope pale sokoni, akaketi chini na kikapu chake, nyanya zikatawanyika. Kijana muuza vitunguu akacheka, pengine kwa kudhani ni sehemu ya kipaji chake. Dada Mkubwa aliinuka bila kumtazama, akafuta gauni, akaondoka akiacha nyanya zake pale pale. Tangu siku hiyo hakununua kitunguu upande ule wa soko. Nilipomwambia kwamba kijana yule alikuwa shabiki wetu, akanikata jicho. "Nikianguka kazini nimewapa mimi," akasema. "Pale alininyang'anya."

Kisha akaja msichana wa Ruanda.

Alikuja kuuza parachichi, akasimama kutuangalia tukifanya mazoezi kwenye uwanja wa nyuma ya bweni. Dada Mkubwa akamwita aje ashike upande wa kitanda. Msichana, beseni lake likiwa bado kichwani, akashika kwa mkono mmoja, akajikwaa kwenye mguu wa mlango, akaanguka juu ya kitanda, kitanda kikamrusha, akatua amesimama, beseni limeruka, ila bado ameshika parachichi moja kichwani kwa mkono wa kulia. Hakujua amefanya nini. Nilimwona Dada Mkubwa akivuta pumzi.

Siku hiyo hiyo nikawa Dada wa Kati. Sikuulizwa. Nilishona gauni jipya, shingo tatu, mikono minne, na nilipolipima nikaona kwamba mikono miwili ya wote iko kwangu, kushoto na kulia. Katikati hapo huna mkono wako mwenyewe.

Na sifa, ambazo nilikuwa nimeshakubali kwamba hazipo duniani, zilikuwepo. "Umeona alivyogeuka?" aliniambia, mimi! "Umeona shingo yake? Hajui kama anachekesha. Ukijua tu, imeisha." Alimfundisha kwa mikono yake, akimshika kiuno, akimlaza chini taratibu kama mtu anayelaza mgonjwa. Mimi alikuwa amenifundisha kwa kuniambia, "Tena." Siku ambazo msichana alikosa nauli alilala kwake. Walikula pamoja. Nikipita jioni kurudisha kofia nilizozikarabati nawakuta barazani wanacheka jambo, na wakiniona wanasimulia upya tangu mwanzo ili nami nicheke, na likisimuliwa upya halichekeshi.

Msichana aliolewa baada ya misimu miwili ya kahawa, akapata mimba, mume akasema basi. Nilifurahi. Nilimshonea gauni la harusi bila malipo na nililishona vizuri mno, kila mtu alilisifia. Dada Mkubwa alicheza pale harusini kwa furaha yote, lakini Jumamosi iliyofuata mazoezini alikaa kwenye kitanda chetu cha mchezo akautazama mlango muda mrefu.

"Tumebaki wawili," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema. "Tumebaki wawili." Akasema kama mtu anayehesabu vyombo baada ya msiba.

Magoti ndiyo yaliyomtoa. Yalianza kuvimba, halafu yakawa yanagoma katikati ya mchezo, na watu wakicheka mgomo wenyewe. Akiwa amelala chini, uso wake mtukufu juu, nilikuwa nikisikia meno yake yakisagana. Alistaafu bweni, akaamua kurudi ziwani, Lituhi, ambako alikuwa na nyumba ndogo. Siku ya kumuaga tulikuwa wengi. Alisimama akasema, "Mlango unabaki na fundi."

Nilitokwa machozi mbele za watu. Miaka yote ile nilikuwa nangoja sentensi ya namna hiyo. Nilimfuata baadaye nje, nikamshika mkono, nikamwambia, "Asante, Dada. Sikujua unaniona hivyo."

"Vipi?"

"Kuniachia mlango."

"Ah," akasema. "Chumba chako ndicho chenye dari ya juu. Kwingine haukuingia."

Nilikaa na mlango ule umeegemea ukutani nyuma ya cherehani kwa muda mrefu. Halafu nikatafuta wasichana wawili, nikavaa kofia, nikashika nafasi ya Dada Mkubwa. Kwanza watu walikuja kwa kumkumbuka. Baadaye, nadhani, walikuja kwa ajili yetu, ingawa hakukosekana mtu wa kuniambia mchezo ukiisha, akinishika bega kwa huruma, "Umejitahidi, fundi. Ila yule wa zamani!"

Mwaka huu tulialikwa Lituhi, sikukuu ya mavuno kanisani. Tulishuka na mlango juu ya lori la Kenta, barabara ikipinda na kupinda hadi joto la ziwa likatupokea na harufu ya usipa, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa mchangani. Nilijua atakuwepo.

Alikuwa safu ya mbele, kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, karibu na mke wa mchungaji, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa amenenepa, nywele nyeupe zote. Nilikwenda kumwamkia. "Shikamoo, Dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Kofia hiyo si yangu?"

"Ni yako."

"Imekaa," akasema.

Sijui kilichotokea siku ile. Pengine hasira, pengine hofu, pengine nilikuwa nimechoka kumtazama. Nilipokwama mlangoni mara ya kwanza nilisahau kwamba yupo. Nilianguka na sikujua nimeanguka. Nilisikia kicheko kikianza upande wa wavuvi, kikazunguka kwa kina mama, kikarudi, na nikiwa chini nilikuwa naona mambo ya kawaida kabisa, mguu wa mlango, sisimizi, pindo la gauni linalohitaji kushonwa. Wasichana wangu walinifuata kama maji. Tulipomaliza watu waliendelea kucheka huku tunakusanya vyombo. Nikamtafuta kwa macho. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameishika fimbo kwa mikono miwili, anatazama mbele.

Watu walipoanza kutawanyika kwenda kula, akaniita kwa kidole.

"Nisaidie kuinuka. Usimwite mtu."

Nikamshika mikono, nikavuta. Alipanda kidogo, na kiti kikapanda naye, kimembana kiunoni. Magoti yakagoma. Akarudi chini kwa kishindo. Nyuma yetu mtu akacheka. "Jamani, njooni! Wameanza tena!" Watoto wakarudi mbio, kina mama wakageuka na sahani zao, simu zikainuliwa juu. Nikasogea kuwaambia waache, kwamba ameumia, nitafute mwanamume wa kunisaidia.

Akanikamata kifundo cha mkono. Kwa karibu nikaona jasho juu ya mdomo wake.

"Wakijua watanionea huruma," akanong'ona. "Sitaki. Wacha wacheke. Nipe mgongo."

Nikageuka, nikachuchumaa. Nikasikia uzito wake ukinishukia, kiti kikachomoka na kuanguka, watu wakashangilia. Nikainuka. Sijui niliinukaje. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja, baada ya mitumbwi iliyopinduliwa, mchangani kote, na mchanga ulinimeza hadi vifundoni. Kundi zima likatufuata likipiga vigelegele, mtu akaanza ngoma ya mganda kwa kugonga debe. Pumzi yake ilikuwa sikioni mwangu, fupifupi, ya maumivu.

"Leo umeanguka vizuri," akasema.

Nikamsogeza juu mgongoni, nikaongeza hatua.

"Nilikaa pale nikiomba uvunjike mguu."

"Dada!"

"Kweli kabisa. Nilimwomba Mungu. Halafu nikamwomba asinisikie." Akabadilisha mkono begani kwangu. "Na wewe? Miaka yote ile ulikuwa unaniombea nini?"

"Hayo hayo," nikasema.

Akacheka. Nilikisikia kwanza kwenye mbavu zangu kabla ya sikio, kicheko kizito kilichomtikisa mwili mzima juu yangu hadi nikayumba, nikaenda upande, nikaenda upande mwingine, nikakosa mtumbwi kwa nusu hatua. Watu walipagawa. Na yeye, huku kucha zake zimezama begani kwangu kwa maumivu, akainua mkono mmoja akaanza kuwapungia, taratibu, kama bibi arusi kwenye gari la wazi, na najua bila kumwona ni uso gani alikuwa ameuvaa.

Nilimshusha kwenye benchi la barazani kwake. Nilibaki nimeinama, mikono magotini, jasho likidondoka mchangani, siwezi hata kunyanyua kichwa. Makofi yalikuwa makubwa kuliko yote ya siku ile. "Dada Mkubwa! Dada Mkubwa!" Nikasikia mtu ananigusa ubavuni. Alikuwa bibi mmoja wa pale pale kijijini, amekuja na fimbo iliyosahauliwa uwanjani.

"Mpe fimbo yake, mama," akaniambia. "Halafu utupishe, tumwone."

Nikampa fimbo. Nikapisha.